Nahodha na Amana Yake

Ndugu zangu Waislamu, khiyana haina ndogo. Mwezi wa Agosti 2010, nasi tumo ndani ya Ramadhani, Pakistan ilicheza kriketi na Uingereza katika uwanja wa Lord's, London. Mohammad Asif na Mohammad Amir walirusha mipira wakiuvuka mstari kwa kusudi, kwa mapatano ya fedha. Hatua moja ya mguu! Na nahodha wao, Salman Butt, alikuwa mshirika wa shauri hilo. Mwaka 2011 walikatazwa kucheza, kila mmoja si chini ya miaka 5, na mahkama ikawafunga.

Siku ile Amir alikuwa na umri wa miaka 18. Je, nahodha aliyepewa kijana huyu amwongoze, atajibu nini mbele ya Mola wake?

Wala tusiwacheke wenzetu. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, aliyepata kuwa nahodha wa Kenya, alifungiwa miaka 5 kwa fedha za wacheza kamari.

Basi, ewe mzazi, mwanao arudipo kiwanjani usimwulize tu kama ameshinda. Mwulize ameshindaje. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu. Amin.