Je, Wema Unahitaji Uongo?



Baadhi ya ndugu zetu walihamishiwa jimbo la Arizona, Marekani, na habari za huko hutufikia kwa simu. Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo hilo waliamua mambo mawili kwa karatasi moja: rais, na kuruhusu bangi kwa watu wa miaka 21 na zaidi. Joe Biden alimshinda Donald Trump kwa kura kama 10,500. Ndipo uvumi ukaanza, kwamba karatasi 40,000 zililetwa kwa ndege kutoka Asia. Mwaka 2021 seneti ya jimbo iliagiza ukaguzi wa kura zipatazo milioni 2.1 za wilaya ya Maricopa. Karatasi zilimulikwa hata kutafuta nyuzi za mianzi! Septemba hesabu ikatoka: Biden aliongezeka kura 99, Trump akapungukiwa 261. Hata hivyo wengi walioamini uvumi ule hawakuuacha.

Tusiwacheke. Sisi tunajua uvumi unavyoweza kuchoma kijiji kabla jua halijachwa. Tena wengi walioueneza hawakujiona waongo. Waliona wanaitetea nchi yao. Hapo ndipo neno hili linapotugusa sisi wahubiri.

Kwa miaka mingi tumefundisha vijana kwamba anayevuta bangi mara moja tu atarukwa na akili, au hataiacha kamwe. Tulisema kwa upendo, lakini si kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulikadiria kwamba kati ya watu 100 waliowahi kuvuta bangi, kama 9 walinaswa nayo. Kwa tumbaku walikuwa 32. Wako nao wanaosema bangi ni majani tu, haimfungi mtu. Hao pia wanadanganya, maana 9 ni watu, wana mama zao. Na kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo, wataalamu hukadiria mmoja kati ya sita. Darasa la watoto 60, hesabuni wenyewe.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga: “Pasta, mtoto akiogopa nyoka asiyekuwapo, si bado hajaumwa?” Neno lake lina uzito. Lakini mtoto huyo siku moja atapita njia ile asimwone nyoka, na nyoka akija kweli hatatusikiliza. Tena Ayubu, katika sura ya 13, aliwauliza rafiki zake kama wanadhani Mungu anahitaji kutetewa kwa udanganyifu. Walikuwa watu wa dini, kama sisi.

Kijana mmoja aliyekuwa mwimbaji wetu alituambia waziwazi. Alimwona mwenzake akivuta, na kesho yake akamkuta sokoni anauza sabuni, akili timamu, anarudisha chenji sawasawa. Akajua tumemdanganya. Naye akajaribu. Leo posho ikigawiwa, huuza unga wa nyumbani kabla mama yake hajainjika sufuria.

Tulimwendea kumwomba msamaha kwa neno letu lile. Alinyamaza sana, kisha akauliza: “Na yale mengine mliyotuhubiri, Pasta?”