TAFAKURI YA RAMADHANI: Mwache Atawadhe Mwenyewe

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti,

Leo tuna swali moja. Mzee wako amepata kiharusi. Karudi kutoka hospitali, mkono wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri. Unampenda, basi unamlisha, unamvisha, unamtawadhisha, na mgeni akimsalimia unaitikia wewe. Je, wote huo ni wema?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo, na mara nyingi chanzo ni presha isiyotibiwa. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa 636. Kipo mjini, kipo kijijini. Kwa hiyo tusimsingizie jirani uchawi.

Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia. Ukimfanyia jambo ambalo angeliweza kwa taabu, umemnyima zoezi. Na siyo kila nyumba inamudu nauli ya Musoma au Bugando kila wiki. Mazoezi mengi yatafanyika hapo hapo uani.

Hebu tazama udhu. Mshikie kopo, halafu uache mkono mzima uoshe ule mgonjwa. Itachukua dakika kumi badala ya mbili. Mtihani uko hapo: mara nyingi tunamfanyia kwa sababu sisi hatuna subira, wakati yeye anaweza. Haraka yetu tunaiita huruma.

Na maneno je? Mtu anaweza kukosa maneno huku anaelewa kila kitu. Halafu watu wanakaa mbele yake wanajadili ng'ombe wake na shamba lake kana kwamba hayupo! Katika Surat Al-Israa Allah ametukataza hata kuonyesha kuchoshwa na mzazi aliyezeeka. Sasa kugawana mali yake naye anasikia? Muulize swali la ndiyo au hapana, kisha nyamaza umsubiri.

Utasema, "Kumwacha ahangaike si ukatili?" Kumwacha peke yake ndiyo ukatili. Kaa karibu, mkono wako uwe tayari. Akila, akae wima asije akapaliwa. Ukimwinua, usimvute kwa ule mkono dhaifu. Dawa za presha zisikatwe hata akijisikia nafuu.

Wazee wengi huumia moyo wakiambiwa wasifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat Al-Baqara. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye, asiyetarajiwa anatoa fidya. Muulizeni daktari, kisha sheikh, naye akiwepo. Msikae pembeni mkamwamulia. Na ikiwa ni fidya, kile chakula mpelekeeni yeye, amkabidhi maskini kwa mkono wake, hata kama unatetemeka. Kwa namna hiyo naye anabaki mtoaji, siyo mpokeaji tu.

Mwisho, tumkumbuke anayemhudumia. Mara nyingi ni mke au mkwe, naye amefunga, anapika futari, na usiku anaamka kumgeuza. Wewe uliye Mwanza au Dar unayetuma pesa kwa simu, Allah akulipe kheri. Lakini ukija Idi, chukua zamu hata siku mbili, mama huyo alale. Na sisi tulio karibu, baada ya tarawehe tupite hapo tukaulize zamu ya leo ni ya nani.

Yaa Allah, wape shifaa wagonjwa wetu, wape nguvu wanaowauguza, na sisi utupe subira ya kuwangoja. Aamin.

Ramadhani Kareem. Mtumie na mwenzako mwenye mgonjwa nyumbani.