Kanzu ya Kila Mwaka

1 Samweli 2:18–21

Mwenge wa Uhuru ukiingia Mwanza, au mgeni mkubwa akitua uwanja wa ndege, watoto wa skauti huwa wameshasimama juani kitambo. Mmoja hupiga hatua mbele, akapiga saluti, akamvisha mgeni skafu. Tazama sare yake: mabega yanapwaya, suruali imekunjwa chini mara mbili. Mama alinunua kubwa makusudi, kwa kuwa mtoto anakua.

Hana, mama yake Samweli, naye aliijua hesabu hiyo. Samweli alikaa Shilo kwa kuhani Eli, mama yuko Rama, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Miaka mingi nimekuwa nikiipita aya hii mbio, niwahi ule usiku wa Samweli kuitwa. Siku hizi nasimama hapo. Mama huyu hakuwa na bega la kupimia. Alishona kwa kukisia. Mwaka jana alinifika kiunoni, mwaka huu atakuwa amefika wapi? Kila kanzu mpya ilikuwa kukubali kwamba mtoto wa mwaka jana hayupo tena.

Sisi hapo ndipo tunapokwama. Skauti ipo nchini tangu mwaka 1917, na mtoto wa shule ya msingi anatoa ahadi, anajifunza kufunga mafundo na kukaa tayari. Kisha unakuja mtihani wa darasa la saba, Septemba, na kundi lake la skauti linaishia langoni mwa shule. Kidato cha kwanza ni Januari. Katikati kuna miezi isiyo na mwenyewe, nasi watu wa ziwani tunajua inakokwenda. Usiku wa giza taa za dagaa zinawaka kule mbali kama mji mwingine, na baadhi ya wanaovuta nyavu ni wavulana waliokuwa na skafu shingoni mwezi wa nane. Januari ikifika, kijana ameshaonja pesa yake mwenyewe.

Nami simo nje ya lawama. Niliwahi kubariki skafu za watoto na kupiga nao picha. Miaka miwili baadaye nikamkuta mmoja wao mwaloni, ana ndoo ya dagaa kichwani. “Shikamoo, Baba.” Nikamuuliza habari za skauti. “Nilimaliza, Baba.” Alimaliza! Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ngazi ya wakubwa, hata mimi niliyezibariki zile skafu.

Majirani zetu Kenya wamezipa ngazi zao majina: Sungura, Chipukizi, Mwamba, Jasiri. Mtoto akiwa Sungura tayari anajua kuna Mwamba anamsubiri. (Jina hilo sisi wa Mwanza, na mawe yetu haya, tungelidai mapema.) Baden-Powell mwenyewe, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alianzisha kundi la wadogo mwaka 1916 kwa sababu walishachoka kuachwa nyumbani kaka zao wakienda kambini. Yaani ngazi ya chini ilizaliwa na hamu ya kuifikia ya juu. Sisi tumebaki na ngazi, hamu tumeiacha izimike.

Mzazi ataniambia: huko kwa wakubwa watamharibu mwanangu. Siibezi hofu hiyo. Shilo penyewe walikuwapo Hofni na Finehasi, makuhani walionyakua nyama ya sadaka na kufanya mabaya zaidi ya hayo. Hana alimwacha mwanawe nyumba moja na watu hao, lakini alikwenda kumwona. Mwenye kanzu mkononi ana sababu ya kumgeuza mtoto huku na huku, kumtazama usoni, kumuuliza analala wapi na nani anamtuma nini. Si rahisi kumwonea kimya kimya mtoto ambaye mama yake anakuja.

Kwa hiyo ninyi viongozi wa skauti wa shule za msingi, Nyamagana na Ilemela, nawaomba jambo moja. Andikeni majina ya watoto wenu wa darasa la saba, na mbele ya kila jina mwandike simu ya kiongozi wa sekondari atakayempokea. Kisha mpelekeni mtoto kwake kwa miguu yenu, wapeane mkono mkiwa mmesimama hapo, kabla ya Septemba. Wazazi, miezi ile mitatu msiseme anapumzika tu. Ulizeni skauti wakubwa wanakutana lini, naye aende.

Yule wa mwaloni nitamfuata mwenyewe wiki hii. Sasa ana miaka 15 na amerefuka kunipita. Mwenye sare ya skauti ya kimo hicho anione baada ya misa.