Asiombe Radhi kwa Kuugua

Mzazi akishikwa na maradhi safarini, kabla hajasema panapomuuma huanza kwa kuomba radhi. Nilimsikia mama yangu Julai iliyopita huko Muscat, na tangu hapo watu wengi niliowasimulia kisa chake wameniambia kuwa wazazi wao walifanya vivyo hivyo. Huomba radhi kwa tiketi zilizonunuliwa, kwa ndugu walioomba ruhusa kazini kwa ajili yao, kwa wajukuu waliokosa matembezi. Moyo wangu haujatulia, kwa sababu mtu haombi radhi kwa jambo ambalo hajafundishwa kuwa ni kosa. Nani anawafundisha?

Safari yenyewe ilikuwa ya heri. Mama mdogo anaishi Seeb, kando ya Muscat, na miongoni mwa majirani zake wapo ambao wazazi wao walitoka Unguja na Pemba, wengine wakirejea Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipochukua utawala na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Kiswahili kinasikika sebuleni na jikoni, na aliyetoka Tanga hakosi wa kuzungumza naye. Tulikuwa tumepanga mengi: soko la Mutrah, mnada wa mifugo wa Nizwa Ijumaa asubuhi, kisha ndege ya kwenda Salalah. Julai ni msimu wa khareef, wakati manyunyu yanayoletwa na pepo za kusi yanapoivika milima ya Dhofar kijani kibichi, ilhali huko Muscat joto limepita nyuzi 40.

Kila dalili ya mama ilisingiziwa joto hilo. Akikataa chakula, ni joto. Akijifunika shuka mchana, ni kiyoyozi. Akibaki nyumbani wakati wenzake wanakwenda Mutrah, kachoshwa na ndege. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyatoa majibu hayo, huku akimeza panadol mbili mbili akiwa peke yake chumbani. Panadol hushusha homa kwa saa chache, mtu akaja mezani akaonekana mzima, na vimelea vikabaki vilevile kwenye damu.

Alfajiri ya kwenda Nizwa hakuweza kuinuka. Tulimfikisha hospitali akitetemeka. Shemeji yangu, mwenye Kiarabu fasaha, alijibu maswali yote ya mapokezi: umri, shinikizo la damu, homa tangu jana usiku. Alijibu kwa nia njema na kwa haraka, kama wengi wanavyofanya wanapomsemea mgonjwa. Kisha akapita muuguzi mmoja, binti wa Kiomani, akamsikia mama akimwita Mungu kwa Kiswahili. Akaweka chini karatasi zake, akainama kwenye kitanda.

"Shikamoo bibi. Wewe mwenyewe wajionaje? Imekuanza lini?"

Mama akamweleza binti asiyemjua yale ambayo watoto wake wa kuwazaa hawakuambiwa: kwamba baridi ilimwingia tangu usiku wa karamu ya kutukaribisha, kwamba mkojo ulikuwa umebadilika rangi, kwamba kabla ya safari alikuwa shambani Muheza kusimamia mahindi na alilala huko bila chandarua. Daktari alipoelezwa hayo hakusubiri. Damu ikachukuliwa, na malaria ikaonekana.

Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Malaria ya falciparum, ile tuliyoizoea kwetu, kwa kawaida huchukua kati ya siku 7 na 14 tangu mbu aume mpaka homa ianze, na pengine hufika hata mwezi. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa na mbu Muheza, akapanda ndege akiwa mzima kabisa, akaangukia katika mji ambao madaktari wake hawajawahi kuuona ugonjwa huo. Oman wako madaktari wengi kutoka India ambao malaria si ngeni kwao. Kwingine sivyo. Mtoto aliyetoka Dar es Salaam akipata homa Stockholm, anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya mafua, na kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee malaria haingoji siku nyingi kabla haijawa kali. Kuna maneno machache yanayookoa roho: "Tumetoka Tanzania, tunaomba apimwe malaria." Yaseme kabla hujaulizwa. Usiposikilizwa, yarudie.

Mama alichomwa sindano za artesunate, halafu akapewa dawa mseto za kumeza kwa siku 3. Homa ilipoanza kushuka ndipo radhi zikaanza. Alimwomba radhi mdogo wake kwa kumletea ugonjwa nyumbani. Alimwomba radhi shemeji kwa petroli ya kwenda na kurudi hospitali. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tano, akamshika mkono: "Bibi kakuharibia Salalah yako." Nilitoka nje ya wodi nikalia.

Methali yetu inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeitafakari sana, na naona lawama yote inamtwisha mgonjwa. Haiwatazami waliomzunguka. Mama aliondoka Tanga akiwa amesikia kwa miezi kadhaa bei ya tiketi, ada ya viza, nani katoa mchango na nani bado. Uwanja wa ndege aliambiwa kwa mapenzi na kicheko, "Mama, usije ukaugua huko ukatutia hasara!" Mzazi akiambiwa mzaha wa namna hiyo, huushika kama amri. Isitoshe, ni sisi tunaosimama msibani na kumsifu marehemu kwamba hakuwa mtu wa kulalamika, aliugua kimya kimya mpaka mwisho. Tunamsifia tabia iliyomfikisha kaburini, na wazee walioketi mkekani wanasikia.

Uvumilivu ni tunu, sibishi. Lakini una mahali pake. Safarini, anayevumilia kimya anawanyima wenzake nafasi ya kumsaidia mapema, wakati dawa bado ni rahisi na hospitali bado ni ya kwenda na kurudi.

Sitasema kwamba ugonjwa ule ulikuwa neema iliyojificha. Ulimtesa mama na ukatugharimu. Salalah hatukuiona na tiketi zake hazikurudishiwa fedha. Kuna maandalizi ambayo hupunguza uchungu wa namna hii, nayo tuyafanye bila aibu, kwani wapo wanaoamini kwamba kuzungumzia bima kabla ya safari ni kujitabiria mabaya. Nchi za Schengen huko Ulaya hazimpi mgeni viza ya matembezi mpaka aonyeshe bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na Zanzibar tangu Oktoba 2024 inawataka wageni kutoka nje ya nchi wanunue bima kabla ya kuingia. Unakokwenda kusipokuwa na sharti hilo, jiwekee mwenyewe. Isome bima mpaka mwisho: nyingi hutaka zipigiwe simu kabla mgonjwa hajalazwa, na nyingine hazigharamii maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kusafiri, kama kisukari na presha.

Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari iliyotaja jina halisi la dawa, maana majina ya kibiashara hubadilika nchi kwa nchi. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, ikiganda imeharibika. Anayekwenda Ghuba awe mwangalifu zaidi. Tramadol na dawa zenye codeine, ambazo katika nyumba nyingi za kwetu hukaa droo moja na panadol, huko Falme za Kiarabu zinadhibitiwa kwa sheria kali, na msafiri anatakiwa awe na kibali kabla ya kuingia nazo.

Hayo yote yana umuhimu wake, ila hakuna bima inayomfanya mzee aseme anaumwa. Majirani wa Seeb walilielewa hilo kuliko sisi. Walikuja na uji wa mchele na supu ya kuku, wakaketi na mama, wakamuuliza kalala vipi na ameweza kula nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza atapona lini au safari imebaki siku ngapi. Na yule mjukuu, alipoambiwa kwamba ameharibiwa safari yake, alimjibu: "Salalah haijahama, bibi." Ni jibu ambalo mama alistahili kulipata kutoka kwa wakubwa, na alistahili kulipata kabla hatujaondoka Tanga.

Basi wewe unayepanga kwenda ng'ambo na wazazi wako Desemba hii, kaa nao kabla ya kufunga mizigo. Mwambie mama, mwambie baba, kwamba akijisikia vibaya akuamshe, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kesho yake ndiyo siku ya matembezi makubwa. Mwambie mbele ya watoto ili nao wajue. Mkishafika, mjulie hali kila asubuhi mkiwa wawili tu; ukimuuliza mezani mbele ya wenyeji, atakujibu kwamba ni mzima. Na siku akikuambia anaumwa, mpeleke hospitali, na habari za gharama usizitaje akiwa anasikia.