Walinzi Wasioonekana Katika Udongo
Somo: Marko 4:26–29



Somo letu ni ule mfano wa mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, nayo ikaota na kukua pasipo yeye kufahamu namna yake. Ninyi wa Igawa na wa Usangu wote mwaujua mfano huu kwa mikono yenu. Mwafungulia maji ya mto Mbarali yaingie majarubani, mwapandikiza, mwapalilia, kisha mwarudi nyumbani. Na kazi iliyo kubwa kuliko zote yatendeka chini ya matope, mahali jicho lisipofika.

Walakini mtu asiyeona hupenda kubuni. Twawasimulia jambo moja, pasipo kutaja jina la mtu wala la kijiji. Ndugu wawili wa ushirika walinyweshea mpunga kwa mfereji mmoja miaka mingi. Mwaka mmoja mpunga wa huyu ukapata madoa, na masuke yake yakageuka meupe, matupu, hayana punje. Mpunga wa jirani ulisimama mzima. Basi yule aliyepata hasara akasema moyoni, na baadaye akasema kwa kinywa, ya kwamba shamba lake limetupiwa jicho. Salamu zikakoma. Siku ya Meza ya Bwana, mmoja alipoingia, mwenzake alitoka.

Tulikwenda pamoja na bwana shamba. Yeye hakuuliza habari za jirani, bali alichuma jani. Akatuonyesha doa lililochongoka ncha mbili, kati lina rangi ya majivu, na ukingo wake ni wa kahawia. Akatuonyesha tena shingo ya suke ilivyooza. Akasema, Huu ni ugonjwa wa ukungu, nao wajulikana katika nchi nyingi zilimazo mpunga. Vumbi la uzazi wake ni dogo mno. Huchukuliwa na upepo, hukaa katika mabua na katika mbegu, na hupenda majani yaliyolowa umande. Vumbi hilo likitua juu ya jani hujifanyia kifuko kidogo chenye nguvu za kusukuma, mara arobaini hivi kuliko nguvu za upepo uliomo katika gurudumu la motokaa, likatoboa ngozi ya jani na kuingia. Kisha bwana shamba akamwuliza mwenye shamba, Mbegu ulizipata wapi? Akajibu, Ni zangu za mwaka uliopita. Naye aliungama ya kuwa mwaka ule madoa yalikuwapo, na ya kuwa safari hii alimwaga mbolea ya yurea kupita kiasi, apate mpunga wa kijani sana. Mpunga uliolishwa hivyo huwa laini, na ukungu huuingia upesi.

Ndugu, angalieni. Adui alikuwapo kweli, tena haonekani kwa macho. Lakini hakukaa katika nyumba ya jirani.

Na kama adui ni mdogo hivi, Mungu naye ameweka wasaidizi walio wadogo kuliko yeye. Katika nchi ya Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Delaware, pamoja na mwalimu wao Harsh Bais, walichukua udongo ulioshikamana na mizizi ya mpunga katika shamba la California. Ndani yake walikuta bakteria, yaani vijidudu vya namna nyingi, wakavijaribu kimoja kimoja mbele ya ule ukungu. Mwaka 2014 walitangaza ya kwamba kimoja, walichokiita EA105, kiliuzuia ukungu usikue, na karibu kiliukomesha kabisa usifanye kile kifuko cha kutobolea jani. Tena waliona neno la ajabu zaidi: vijidudu hivi vikiwekwa penye mizizi, jani lililo juu, ambalo havikuligusa, hujiweka tayari kushindana na ugonjwa, na madoa hupungua. Ugonjwa waonekana jani juu, na mlinzi amesimama chini katika mzizi.

Tusiigeuze habari hii kuwa hirizi mpya. Kazi ile ilifanywa katika vyombo na katika mimea iliyotunzwa ndani ya nyumba, na kati ya hapo na jaruba lililo wazi ni safari ndefu. Lakini yatufundisha tangu leo kuuheshimu udongo: si takataka ya kukanyagwa tu, bali ni nyumba yenye watumishi wengi wa Mwumba. Basi mwenye mboji na airudishe shambani. Mbegu zisichukuliwe katika jaruba lililougua, wala mabua yake yasiachwe hapo. Yurea itiwe kwa kipimo. Na anayeona madoa asiende kwa mganga. Na aende kwa bwana shamba, au apeleke swali lake kwa wataalamu wa Uyole.

Nanyi waalimu wa vijijini, mwasikia maneno ya watu kabla hayajatufikia sisi wachungaji. Mtu akija kwenu na kusema, Fulani ameniharibia mpunga, msimjibu kwa mahubiri peke yake. Fuataneni naye mpaka shambani, mkalitazame jani. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, hata kama mwenye kusema ameumia kweli, na watoto wake watalala na njaa.

Na wale ndugu wawili? Hatusemi ya kwamba walikumbatiana siku ile. Mwenye hasara alinyamaza muda mrefu, jani li mkononi mwake. Lakini msimu uliofuata tulipita njia ile, tukawakuta wote wawili ndani ya mfereji wao, matope mpaka magotini, wakiuzibua pamoja. Na mbegu alizopanda yule mmoja alipewa na mwenzake.

Bwana aliyeweka walinzi katika mizizi ya mpunga na aweke pendo katika mizizi ya mioyo yetu, lilinde hata yale yaliyo mbali nalo. Amina.