Kumkamata Mwizi Si Kumhukumu

Siku moja, baada ya Sala ya Ijumaa, ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka michache tu iliyopita alibaki amekaa msikitini hata watu wote wakatoka. Yeye ni mwenye duka dogo karibu na soko, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania; mtu mpole, asiyejulikana kwa ugomvi. Nilipomwendea aliniambia: "Sheikh, nina swali. Mtu asiyeinua mkono wake juu ya mwenziwe, je, aweza kuwa na hatia ya damu yake?"

Kisha akanisimulia. Jioni moja kijana wa miaka kama 16 aliingia dukani akaagiza mafuta ya taa. Mwenye duka alipogeuka kuyapima, kijana alitia pakiti mbili za maziwa ya unga ndani ya shati lake, akatoka. Mwenye duka alimwona. Alisimama mlangoni akapaza sauti mara moja tu: "Mwizi!" Hakumkimbilia, hakumpiga, hakurusha jiwe. Lakini neno lile lilikwisha kutoka, wala halikuhitaji msaada wake tena. Wapita njia, wachukuzi na vijana waliokuwa wakicheza bao, watu ambao hawakujua kaiba nini wala kwa nani, walimwangukia kwa mateke na mawe. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuleta gurudumu la gari na kuuliza nani ana petroli. Mama mmoja muuza samaki alimlalia kijana yule kwa mwili wake, akapiga kelele mpaka askari wakafika. Kijana hakufa, lakini jicho lake moja halioni tena.

Ndugu wapenzi, swali la mwenye duka huyu ni swali letu sote, kwa kuwa ni nani katika miji yetu ambaye hajapata kuisikia sauti ile? Basi natutazame dini yetu inatufundisha nini.

Wizi ni dhambi kubwa

Kwanza, mtu asidhani kwamba Uislamu unaudharau wizi. Katika Sura Al-Mumtahina (60:13) Mwenyezi Mungu anamwelekeza Mtume Mtukufu (s.a.w.) namna ya kupokea ahadi ya wanawake wanaokuja kusilimu. Sharti la kwanza ni kutomshirikisha Mungu na cho chote, na sharti linalofuata mara moja ni kutokuiba. Angalieni, enyi mlioingia katika dini karibuni: ahadi ya kuacha wizi imewekwa jirani na ahadi ya kuacha masanamu! Mwizi wa pakiti moja na mwizi wa ghala zima wote wamevunja ahadi hiyo, na mwenye duka aliyeamka alfajiri kutafuta riziki ya watoto wake ana haki ya kuilinda mali yake.

Tena sheria hii haina mkubwa wala mdogo. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipokwisha kufunguliwa, mwanamke mmoja wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliiba. Jamaa zake waliona haya, wakamtuma Usama bin Zaid (r.a.), aliyependwa sana na Mtume, akamwombee. Mtume (s.a.w.) alikasirika. Aliwaambia watu kwamba mataifa ya kale yaliangamia kwa sababu walimwacha mtukufu alipoiba na kumwadhibu mnyonge. Na kwamba hata binti yake mwenyewe, Fatima, kama angeiba asingesamehewa hukumu. Ni wangapi leo wanaompiga mwizi wa kuku mpaka kufa, na kumwamkia kwa heshima mwizi wa fedha za umma?

Kumzuia mwizi ni kumsaidia

Je, inafaa mtu asiyekuwa askari kumkamata mwizi? Naam, inafaa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwafundisha masahaba wamsaidie ndugu yao, awe amedhulumiwa au awe ni mwenye kudhulumu. Wakashangaa: aliyedhulumiwa tunajua kumsaidia, lakini mdhalimu tumsaidieje? Akawaeleza kuwa kumzuia asidhulumu ndiyo kumsaidia. Basi ukiushika mkono wa mwizi umemsaidia mwizi mwenyewe, kwani umemwondolea mzigo ambao angeuchukua Siku ya Kiyama.

Lakini somo hili linaendelea mbele zaidi ya pale wengi wanapoishia. Mwizi akiisha kushikwa, naye yu mikononi mwa watu mia, ni nani sasa mdhalimu na ni nani mwenye kudhulumiwa? Ikiwa kuushika mkono wa mwizi ni kumsaidia mwizi, basi kuishika mikono ya wale mia ni kuwasaidia wale mia. Yule mama muuza samaki, ambaye huenda hakupata kuisikia Hadithi hii, aliitenda. Alimwokoa kijana na kifo, na aliwaokoa watu mia na dhambi ya kuua.

Sheria za nchi zetu zinakubaliana na haya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1985, katika kifungu cha 16 inamruhusu raia kumkamata mtu atendaye kosa la namna hii mbele ya macho yake. Kenya nayo ina ruhusa kama hiyo katika kifungu cha 34 cha sheria yake, Sura ya 75. Na katika nchi zote mbili raia huyo analazimishwa kumkabidhi aliyekamatwa kwa polisi bila ya kuchelewa pasipo sababu, wala hana ruhusa ya kutumia nguvu kupita kiasi cha kumzuia asitoroke. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa. Na Mwislamu ameamrishwa katika Sura An-Nisaa (4:60) kuwatii wenye mamlaka. Basi anayemhukumu mwizi barabarani ameiasi Serikali na amemwasi Mungu kwa tendo moja.

Wapo watakaosema: "Je, mtu asijitetee?" Jambazi ajaye usiku na panga ana hukumu nyingine, na kuitetea roho yako na mali yako dhidi yake ni haki. Sisi tunamzungumza mtu aliyekwisha kushikwa, ambaye hana silaha wala pa kukimbilia. Huyo ni amana mikononi mwako mpaka umfikishe kwa wenye amri.

Jibu kwa wanaotushutumu

Wengi wanaouchungulia Uislamu kwa nje hutuambia: "Ninyi ni watu wa kukata mikono." Ni kweli kwamba Kurani Tukufu imeitaja adhabu hiyo katika Sura Al-Maida (5:39). Lakini adhabu ile ni ya Serikali, kwa hukumu ya kadhi, baada ya ushahidi, na kwa masharti mengi. Tena aya inayofuata papo hapo inafungua mlango wa toba. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, njaa kuu ilipoipata Arabuni, Hadhrat Umar (r.a.) aliacha kuitekeleza. Sasa nasi tuwaulize hao wanaotushutumu, na tujiulize sisi wenyewe pia: ni sheria gani, ya dini gani, iliyoamuru mtu avishwe gurudumu na kutiwa moto kwa mkate mmoja, bila ya kadhi, bila ya shahidi, bila ya kuulizwa hata jina lake?

Mwenye shamba na mtu mwenye njaa

Natukisome sasa kisa ambacho kila mwenye duka angepaswa kukijua. Amekipokea Abu Daud. Sahaba mmoja, Abbad bin Shurahbil (r.a.), alipatwa na njaa akaja Madina. Akaingia katika shamba la mtu, akapukusa masuke ya nafaka, akala, na mengine akayafunga katika nguo yake. Mwenye shamba akamfumania, akampiga na kumnyang'anya nguo. Abbad akaenda kwa Mtume (s.a.w.). Mwenye shamba bila shaka alitumaini kusifiwa, kwani mali ni yake na mwizi alikamatwa na ushahidi mkononi. Lakini Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa mambo mawili: mtu huyu alikuwa mjinga na wewe hukumfundisha, alikuwa na njaa na wewe hukumlisha. Akaamuru arudishiwe nguo yake, na Abbad akapewa kipimo kikubwa cha chakula.

Mtume hakusema kwamba kuchukua mali ya watu ni halali. Alimwuliza mwenye mali maswali mawili ambayo umati hauulizi kamwe.

Na kama mwenye mali ataka kusamehe, asamehe mapema. Safwan bin Umayya (r.a.) aliibiwa nguo aliyoilalia msikitini. Akamkamata mwizi, akampeleka kwa Mtume (s.a.w.). Hukumu ilipotolewa Safwan aliingiwa na huruma, akasema amempa mtu yule nguo ile. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Hapa tunajifunza kwamba mwenye mali anazo njia mbili zilizo wazi: kumsamehe mwizi, au kumpeleka kwa hakimu. Njia ya tatu, ya kumpiga mwenyewe au kumtupia umati, haikutajwa.

Namna ya kutenda

Basi, ewe ndugu mwenye duka, shika haya. Usimkamate mtu ila kwa jambo uliloliona kwa macho yako. Dhana, sura ya mtu, uchakavu wa nguo zake au kabila lake si ushahidi. Katika Sura Al-Hujurat (49:13) tumeonywa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Kumsingizia asiye na kosa ni jambo zito hata likateremshiwa aya nyingi katika Sura An-Nisaa (4:106-113), ambazo wafasiri wamesimulia kwamba zilimwondolea Myahudi mmoja wa Madina tuhuma ya deraya iliyoibiwa na mtu aliyejiita Mwislamu.

Ukiwa na yakini, mwendee kwa sauti ndogo, umwambie alipe au arudishe. Akikataa, mwite jirani yako kwa jina lake, na mwingine kwa jina lake, wawe mashahidi. Neno "mwizi" humwita kila mtu wala halimjui ye yote. Usimvue nguo. Kama ni mwanamke, mwanamke mwenziwe ndiye amsimamie. Usimtoze zaidi ya thamani ya kitu, wala usimfungie chumbani ili jamaa zake walete fedha, kwani huo nao ni wizi. Ukimpeleka polisi, usiongeze hata shilingi moja juu ya kile kilichochukuliwa.

Na usiku, ukiisha kufunga duka, itazame mizani yako. Sura At-Tatfif (83) inawatishia adhabu wale wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Anayeipunguza kila kilo ya sukari kwa vijiko viwili ameiba kwa wateja wake wote tangu asubuhi, na hakuna aliyepiga kelele. Mungu aliyemsitiri yeye, je, hapendi naye asitiri?

Jibu la swali

Yule ndugu aliponiuliza kama ana hatia, nilimkumbusha kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.), alipomweleza Mwislamu kuwa ni mtu ambaye wenziwe wamesalimika naye, alitaja ulimi kwanza, kisha mkono. Akainamisha kichwa. Baada ya kitambo akauliza: "Sasa nifanyeje?" Nikamwambia kwamba toba ya haki za wanadamu haitimii mpaka uende kwa mwenye haki.

Akaenda. Wala sitawaambia kwamba alikuta nyumba yenye njaa. Hapakuwa na njaa. Kijana alikusudia kuyauza maziwa yale, na baba yake alikiri hivyo kwa aibu. Lakini haki ya kijana ya kutopofuliwa haikutegemea njaa yake. Yule baba alitoa bei ya pakiti mbili, na mwenye duka akaipokea, maana deni ni deni. Kisha yeye naye akasema: "Langu mimi halina bei," na tangu siku ile humchukua kijana hospitali kwa gharama yake mwenyewe. Siku hizi kijana yule humsaidia dukani nyakati za jioni, na hupima mafuta ya taa kwa mikono yake.

Ewe Mola wetu, zilinde mali zetu na mikono ya wezi, na uwalinde wezi na mikono yetu. Utujalie ndimi ambazo watu husalimika nazo, na siku ile tutakapokamatwa sisi na madhambi yetu mbele Yako, ututendee kwa rehema kuliko tulivyowatendea wenzetu. Amin.