Mwandishi wa Dalek

Anayeandikia televisheni hadithi za kubuni za kisayansi halazimiki kuwa bingwa wa roketi. La muhimu ni kumfanya mtazamaji asibanduke kitini. Mwaka 1963, BBC ya Uingereza ilipoandaa mfululizo wa televisheni wa Doctor Who, mhariri wa miswada David Whitaker alimpa kazi Terry Nation, aliyekuwa akimwandikia mchekeshaji Tony Hancock. Sydney Newman, mkuu wa tamthilia, alikuwa amekataza mazimwi yenye macho yaliyotokeza. Nation akaleta Dalek: viumbe waliojificha ndani ya vyuma viterezavyo bila miguu, sauti zikikwaruza. (Umbo lilibuniwa na Raymond Cusick.) Wakubwa wa BBC hawakuipenda hadithi hiyo ya Dalek. Ilirekodiwa kwa sababu hapakuwa na mswada mwingine uliokuwa tayari.